Mbao Isiyonuka

Ziwani, Nairobi
8 Februari 1981

Mpendwa kaka Irungu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa Mama ambaye goti linamsumbua tena, hasa siku ya Jumapili, kwa sababu mhubiri mpya anapenda kutusimamisha. Mirriam wa mlango wa pili amejifungua mtoto wa kike. Mimi nimeingia kidato cha tatu na nimechaguliwa kutunza maktaba ya shule, kazi ambayo haihitaji kuzungumza na watu wengi, kwa hiyo nimeikubali. Anwani yako nimeipata kwa Laban, dereva wa lori la mbao. Usimkasirikie. Nilimsumbua mpaka akachoka.

Sasa jambo lenyewe. Otiende jirani yetu alikuja jana na nguo zake za kazi, moja kwa moja kutoka hotelini. Wamekubali kumpa Baba nafasi moja ya mwisho. Wanataka visagio vipya vya chumvi na pilipili kwa meza zote, kabla mwezi wa Agosti haujaisha. Otiende amejidhamini mwenyewe kwa mkubwa wake. Vikirudishwa tena, Baba ataiuza mashine yake ya kukereza mbao. Si maneno matupu, kaka. Kuna mtu wa Makadara amekwisha kuja kibandani kuitazama, akaizunguka na kuipapasa kama ng'ombe wa mnada.

Sijasahau siku ile ya mwezi wa Oktoba. Nilikuwa mlangoni mwa kibanda na chakula cha Baba mkononi. Otiende alivimwaga vile visagio vya kwanza juu ya meza, akasema wageni wanalalamika kwamba mayai yao yananuka dawa ya kifua. Baba akakugeukia wewe. "Nilikutuma mbao za muhuru, ukaniletea muthaiti! Mwongo wewe, unataka nife njaa?" Akasema hayo mbele ya Otiende na mbele ya wachoma nyama wa Soko la Burma waliokuja kuchungulia. Wewe ukafuta mikono, ukaondoka, na hujarudi mpaka leo.

Hata mimi, ambaye mnasema najua vitabu tu, najua kwamba mti wa muthaiti unanuka kamfa, ile ya dawa ya kifua. Wewe ulikosaje kujua? Na kama hukukosa, kwa nini hukujitetea?

Naomba mambo mawili. Kwanza, uniambie ni mti gani unaofaa. Pili, urudi nyumbani.

Mdogo wako,
Warigia


Elburgon
15 Machi 1981

Mwalimu,

Sasa? Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya kiwanda mpaka karani alipokumbuka kwamba kuna mtu anaitwa Irungu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku si ya Nairobi. Asubuhi tunaanza kwa kuwasha moto wa vumbi la mbao ndipo vidole vikubali kazi. Msalimie Mama, mwambie agome kusimama.

Niliwaambia wenzangu hapa kwamba dada yangu anauliza mti wa kusagia chumvi mezani. Mmoja anaitwa Tobias, mtu wa maneno. Akasema, "Chumvi ya dukani si imeshasagwa? Hao wageni wa hoteli yenu wanaisaga mara ya pili ili iwe nini?" Nikamweleza kwamba wanaleta chumvi ya mawe makusudi, ili waisage wenyewe. Akacheka mpaka akakaa chini.

Haya, mbao. Mtarakwa hapana, chumvi itanuka kama penseli. Podo ni laini, itanyonya unyevu wa chumvi na kuvimba, kisha kisagio hakizunguki. Muiri una rangi nzuri sana lakini ukiwa mbichi unanuka. Chukua mutamaiyu, ule mzeituni wa mwituni. Ni mzito, haunyonyi maji, hauachi ladha. Shida yake ni kupasuka. Ukikauka haraka, umekwisha. Ncha zake zipakwe rangi kuukuu, uwekwe kivulini, na kabla ya kukerezwa utobolewe katikati uachwe upumue.

Siku hizi Baba anakwenda kununua mbao na nani?

Jambo la pili sikuliona kwenye barua yako. Labda wino ulikwisha.

Irungu


Ziwani
29 Machi 1981

Mpendwa kaka Irungu,

Tumeipokea barua yako, yaani nimeipokea mimi, maana sijamwonyesha mtu. Mama amepata nafuu kidogo. Mvua imeanza na choo cha upande wetu kimejaa maji kama kila mwaka. Watu wa baraza la jiji walikuja, wakatazama, wakaenda.

Wino haukuisha. Nimeuandika ule mstari kwa herufi kubwa kuliko mingine.

Umeuliza Baba anakwenda na nani. Anakwenda peke yake. Anarudi na kipande kimoja kimoja chini ya kwapa, leo hiki, kesho kile, na kazi haianzi. Hiyo ndiyo inayoniudhi. Zamani ulikuwa ukimwona akishika ubao, anaupiga kwa kidole, ananusa ncha, anaulamba, anasema, "Huu," na mambo yamekwisha. Sasa ameanza mtindo mpya. Nikitoka shuleni ananiita kibandani. "Warigia, funga macho. Nusa. Unasikia nini?" Nasema kama udongo, au kama ngozi ya viatu. Ananipa kingine. "Na huu?" Nasema, "Baba, kwani wewe unasikia nini?" Ananijibu, "Fundi hamfundishi mtu kwa kumpa jibu."

Nina mitihani ya hesabu na baiolojia, kaka. Sina haja ya kufundishwa useremala na mtu ambaye hajawahi hata mara moja kuniruhusu kuigusa patasi. Nilimwambia hivyo Mama. Mama akaniambia ninyamaze na ninuse.

Otiende hupita kila Jumamosi. "Mzee, vipi, tumefika wapi?" Baba husema, "Kazi nzuri haikimbizwi." Otiende akitoka nje ananiambia, "Mimi nitakimbizwa, lakini."

Jina lako halitajwi hapa nyumbani. Baba husema "yule". Mama anasema huo ndio ubaya wenyewe, kwamba amemwita mwongo mtu aliyepewa jina la babu, baba yake mwenyewe, na sasa hajui aanzie wapi. Sijui kama anataka nikuandikie hayo. Nimekuandikia.

Mbona umeandika mti mzima mpaka ncha zake na hukuandika hata neno moja juu ya kurudi?

Mdogo wako,
Warigia


Elburgon
10 Mei 1981

Mwalimu wa Ziwani,

Nisamehe, nimechelewa. Barabara ya msituni ilikatika na malori yalikaa wiki nyingi bila kushuka. Nilipata homa kidogo, nimepona. Nimehamia chumba kingine ambacho hakivuji.

Nimemwomba msimamizi vipande vya mutamaiyu vilivyobaki tangu mwaka juzi. Hajakataa. Laban akishuka Nairobi nitampa avilete. Mwambie Baba vimetoka kwa Laban, usinitaje.

Unapomnusia Baba, nusa vizuri. Usiharakishe kwa sababu ya baiolojia.

Nina swali. Baba anasemaje siku hizi juu ya chakula cha Mama? Na chai, anaionaje?

Irungu


Ziwani
24 Mei 1981

Kaka Irungu,

Natumaini homa haijarudi. Sisi ni wazima.

Niliposoma swali lako nilikasirika mpaka nikaikunja barua. Nyumba inakaribia kuuza mashine, mtu ameondoka kwa hasira, na wewe unauliza habari ya chai! Nilikaa siku nyingi bila kutaka kukujibu.

Halafu juzi mambo yalitokea yenyewe. Mama alikuwa kwa Mirriam, mimi nilipika chai huku nasoma, kama kawaida yangu. Maziwa yalikuwa yameharibika. Sikuonja. Nilimpa Baba kikombe, akanywa chote, akasema, "Ongeza." Mimi nilipoweka changu mdomoni nilikitema sakafuni. Nikamtazama. Alikuwa amekwisha kunywa nusu ya kikombe cha pili. Aliniona nikitema, akaona na uso wangu, akaweka kikombe chini polepole na kuniambia, "Ni kali kidogo." Kali! Kaka, ilikuwa imeoza.

Mama alipoingia aliliona sufuria, akanusa, akamwangalia Baba, kisha akaimwaga chai yote bila kuuliza neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama anajua. Ndiyo maana huonja chakula cha Baba kabla ya kumpakulia. Mimi nilidhani ni heshima.

Tangu hapo nimekuwa nikikumbuka vitu. Anavyotia chumvi kabla hajaonja. Siku mafuta ya taa yalipomwagika chini ya kitanda chake na akalala vizuri tu. Yote hayo ni baada ya ile homa iliyomlaza mwezi wa Juni mwaka jana, na visagio vya kwanza vilikerezwa Septemba.

Kwa hiyo nakuuliza wazi. Baba alisimama siku nzima nzima ndani ya vumbi la muthaiti asisikie kitu, sivyo? Na wewe ulijua. Ulijua siku ile Otiende alipovimwaga, na ukakubali kuitwa mwongo. Ni kweli au si kweli?

Usinijibu kwa habari za mti.

Warigia


Elburgon
5 Julai 1981

Mwalimu,

Salamu kwenu. Huku mahindi yameanza kubeba na kulungu wanayala usiku.

Barua yako ilifika imelowa mvua, ukurasa wa pili haukusomeka.

Laban anakuja na mutamaiyu. Umekauka vizuri, nimeupima kipande kimoja kimoja. Wakati wa kutoboa, keekee iende polepole, ikishika moto ndani kutakuwa na nyufa ambazo hutaziona mpaka chumvi iingie. Visagio ndani visipakwe vanishi kabisa. Nje, mafuta tu.

Na yale maneno ya ukurasa wa pili usiyaandike tena, wala usimwambie mtu yeyote. Unanisikia? Mtu yeyote.

Irungu


Ziwani
26 Julai 1981

Kaka Irungu,

Nakusalimu. Mama anakusalimu pia. Safari hii ameniomba mwenyewe, kumbe anajua tunaandikiana. Sina habari nyingine za nyumbani kwa sababu habari ya nyumbani ni hii moja.

Laban alileta mbao zako. Nilisema zimetoka kwake kama ulivyotaka. Baba alikipindua kipande kimoja, akaona ncha zilivyopakwa rangi, na nadhani aliujua mkono wako. Akasema, "Ziweke pale pembeni. Mimi nimenunua zangu." Na kweli alikuwa amenunua, kutoka kwa muuzaji mmoja mgeni, rundo zima, na hakuninusisha hata kimoja. Tangu siku ya maziwa hakuwa ameniita tena kibandani.

Ijumaa nilipeleka chakula. Otiende alikuwapo, amekuja kuona kazi ikianza. Baba alifunga kipande cha kwanza kwenye mashine, akawasha, maranda yakaanza kuruka. Nilikuwa bado mlangoni harufu ilipofika. Kamfa, kaka. Kamfa tupu.

Otiende naye akainua pua. Akatazama huku na huku. "Nani ana kifua hapa? Kuna mtu amejipaka dawa?"

Baba hakuizima mashine. Alinitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo na Baba. Sikuona hasira. Aliniomba. Ningesema, "Ni mimi, nina kikohozi," Otiende angeniambia pole na mambo yangepita, mpaka visagio vifike mezani.

Unanijua. Mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, sauti hunipotea. Nilisimama na lile bakuli mpaka mikono ikauma. Halafu nikasikia nasema, "Ni mbao, Baba. Ni muthaiti."

Akasema, "Nani amekuuliza?"

Nikasema, "Hunusi, Baba. Tangu ile homa. Na Irungu hakukosea."

Akaizima mashine. Otiende akaichukua kofia yake, akaanza kurudi kinyumenyume. "Wazee wangu, mimi niliuliza tu habari ya kifua."

Baba alitoka akaenda zake kwa miguu upande wa Jogoo Road, na aproni yake ya kazi mwilini. Alirudi, akala, akalala. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Mbao zako bado ziko pembeni. Mashine imefunikwa gunia, na yule mtu wa Makadara ameonekana tena.

Niambie kama nilifanya vibaya.

Warigia


Elburgon
9 Agosti 1981

Warigia,

Ndiyo, ulifanya vibaya.

Nilikuambia mtu yeyote. Otiende si mtu? Wewe unayejificha ikifika zamu yako ya kusoma neno kanisani, siku uliyopata sauti ndiyo siku uliyomvua Baba nguo mbele ya mteja! Fundi wa vyombo vya chakula asiyenusa wala kuonja, nani atampa kazi? Ulifikiria hilo?

Ulitaka nijibu, haya, nakujibu. Nilimwambia. Muuzaji alikuwa amenipakilia rundo silo, na tulipokuwa tunashusha mbao, kabla kipande kimoja hakijakatwa, nilimwambia, "Baba, hii ni muthaiti." Akanusa ncha, akalamba, akasema, "Ni muhuru. Nani fundi hapa, mimi au wewe?" Nilidhani ananitania. Siku alipoanza kukereza, macho yangu yalikuwa yanatoa machozi kwa ile kamfa, na yeye anapiga mluzi. Ndipo nikaelewa. Ningemkomalia. Sikumkomalia. Vanishi ilifunika harufu kwa nje, nikajidanganya kwamba labda itatosha.

Otiende alipovirudisha, mlango ulikuwa umejaa watu. Ningesema nini? Nikisema nilimwonya, watamuuliza kwa nini hakunusa mwenyewe. Afadhali waseme mtoto wa fundi Thuo ni mwongo kuliko waseme Thuo amekwisha. Hicho ndicho nilichokibeba mpaka huku kwenye baridi, karibu mwaka mzima, na wewe umekimwaga kati ya bakuli na mlango.

Usiniulize tena kama narudi.

Irungu


Ziwani
23 Agosti 1981

Kaka Irungu,

Pole kwa baridi. Mama anasema ununue koti, goti lake ni salama, na mtoto wa Mirriam ameota meno.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nililia kwanza, lakini siku hizi nimebaki na hasira, kwa hiyo nitasema. Umemficha Baba kwa watu, sawa. Lakini pia ulimwacha peke yake na Mama na mimi, achague mbao gizani, akijua kwamba mtu pekee anayeweza kumsaidia ameondoka kwa ajili yake. Hukumpa hata nafasi ya kukuambia pole. Sijui kama hiyo ni heshima. Sijasoma mahali popote kwamba ni heshima.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumatatu baada ya kukuandikia nilimkuta Baba kibandani ameondoa gunia. Ameupanga mutamaiyu wako juu ya meza. Hakunisalimu. Alisogea kando tu, kama mtu anayempisha mwingine, akasema, "Anza hapa." Nikanusa kila kipande, nikalamba kila ncha. Viwili nilivikataa, vilikuwa vimelala karibu na mtarakwa ndani ya lori. Aliviweka chini bila kubishana. Kisha akawasha mashine na akafanya kazi kama zamani, kaka. Mikono yake haijapungukiwa na kitu.

Otiende alichukua jozi ya kwanza nyumbani kwake kabla ya kuipeleka hotelini, akala mayai kwayo wiki nzima. Mkewe Phelister amechoka kukaanga. Visagio vyote vimeondoka Alhamisi na havijarudishwa. Tena mkubwa wa hoteli ameuliza kama kuna fundi anayeweza kutengeneza na bakuli za saladi. Otiende akamwambia, "Yupo, na ana binti mwenye pua." Watu wa Burma wamekwisha kujua yote. Mchoma nyama mmoja alimwuliza Baba kama kweli hanusi, Baba akamwambia, "Ndiyo maana naweza kukaa karibu nawe." Basi. Mambo yenyewe yalikuwa hayo tu, yale uliyoyaogopa.

Mtu wa Makadara ameambiwa atafute mashine kwingine.

Lakini mimi, kaka, mwakani nina mtihani wa mwisho. Siwezi kuwa pua ya Baba kila siku, na sitaki. Nilimwambia hivyo, na sauti haikunipotea. Baba akafuta vumbi la meza. Kisha akasema, "Barua za Elburgon zinazungumza habari ya kukausha?" Kumbe alijua tangu mwanzo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mambo ya mbao huandikiwa mwenye mashine, hayaandikiwi mwanafunzi."

Jana aliniomba kalamu na karatasi. Aliandika tarehe juu, kwa ile hati yake inayolala upande, kisha akaandika "Kwa", akakaa hivyo mpaka Mama akahitaji meza. Karatasi ile bado iko kwenye Biblia yake. Hataimaliza. Nawajua ninyi wawili, kila mmoja atangoja mwenzake mpaka tuzeeke.

Kwa hiyo hii ndiyo barua yangu ya mwisho ya habari za mti. Ukiniandikia tena kuhusu nyufa au vanishi, sitajibu. Usiponiandikia kabisa, nitahuzunika, lakini sitajibu vilevile. Chukua bahasha nyingine. Anaitwa Bedan Thuo, kama umesahau. Sanduku la posta ni lile lile.

Ni mimi,
Warigia